Zebaki, sumu ya nyoka na vidonge vya shangazi

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia shangazi yangu, ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu. Nikamkuta miguu imevimba, anahema hata akiwa amekaa. Kumbe vidonge aliviacha. "Presha yangu imeshuka mwanangu, dawa za nini tena?"

Swali lake lilinitoa usingizi, nikaanza kusoma.

Moyo ukidhoofu, figo hupata damu kidogo. Zenyewe hudhani mwili umekauka, basi hushikilia chumvi, na chumvi huvuta maji. Maji hayo ndiyo hujaa miguuni na mapafuni. Yaani mgonjwa anazama, figo zinadhani ana kiu!

Mwaka 1919 huko Vienna, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Alfred Vogl alimdunga binti mwenye kaswende dawa yenye zebaki. Binti akakojoa kupita kiasi. Baadaye dawa hiyo ikapewa wagonjwa wa moyo, wakatoa maji kwa lita. Zebaki ni sumu, lakini madaktari waliitegemea kwa miaka mingi, mpaka vidonge vya klorothiazidi vilipoingia sokoni mwaka 1958.

Hata hivyo, kutoa maji tu hakukutosha. Kuna homoni inayobana mishipa ya damu na kuziamuru figo zishikilie chumvi. Utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil, Bothrops jararaca, ndio uliofungua njia ya kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981. Dawa hii huzuia homoni hiyo isitengenezwe. Mishipa hulegea, presha hushuka, figo huachia chumvi, na moyo hupunguziwa mzigo.

Mwaka 1987 yakatoka matokeo ya wagonjwa 253 waliokuwa na hali mbaya sana ya moyo. Ndani ya miezi sita, waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa asilimia 44. Waliopewa enalaprili, ndugu ya kaptoprili, asilimia 26. Walipewa kwa ajili ya moyo, si kwa ajili ya presha.

Hapo ndipo shangazi alipokosea, na nadhani hayuko peke yake. Kushuka kwa presha ni sehemu ya kazi ya dawa, si dalili kwamba kazi imekwisha. Kama mtu anasikia kizunguzungu akisimama, amwone daktari apimwe na dozi irekebishwe, asiziache mwenyewe.

Shangazi amerudi kliniki. Vita iliyobaki ni ya kile kichupa cha chumvi mezani kwake, na hapo bado ananishinda.