Wasiojua Mkono wa Kuume na wa Kushoto



Wapendwa waamini, kitabu cha Nabii Yona kinamalizika kwa swali. Mungu anamwuliza nabii aliyekasirika kama haifai kuuhurumia Ninawi, mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto. Jibu la Yona halikuandikwa.

Sisi wa Murungu, na wote wa nyanda hizi za Kibondo na Kasulu, swali hilo limetufikia mlangoni. Burundi ni jirani, Kiha na Kirundi vinasikilizana, na baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, makambi ya Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mtendeli na Nduta yalipokea maelfu kwa maelfu ya watu. Wengi mno walikuwa wanakikimbia kifo tu. Hata hivyo waamini wetu huuliza hadi leo: yule aliyeua akidhani anawatetea watu wake, tumwombeeje?

Tuitazame seminari ndogo ya Buta, Jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi. Katika miaka ile ya vita gombera wake, Padre Zacharie Bukuru, aliwaachia vijana, Wahutu kwa Watutsi, wazungumze waziwazi habari za mauaji yaliyozipata familia zao, badala ya kila kundi kunong'ona pembeni. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliivamia seminari, wakaingia bwenini na kuwaamuru vijana watengane, Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Vijana wakakataa. Wakauawa 40, na walionusurika walisimulia kwamba wapo waliokata roho huku wakiwaombea wauaji wao msamaha.

Tusipite hapa haraka. Vijana hao walijua barabara kwamba amri ile ilikuwa uovu, ndiyo maana hawakuitii, na ndiyo maana msamaha wao una uzito. Huruma inayoupa uovu jina zuri humwacha mkosaji gizani palepale alipo (na huruma ya namna hiyo, tukubali, ni rahisi sana kuigawa). Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alifundisha kupambanua kosa na mtu anayekosea, ambaye hapotezi kamwe hadhi yake ya kibinadamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao uliongeza jambo zito: dhamiri inaweza kukosea kwa kutojua pasipo kupoteza hadhi yake, lakini sivyo kwa mtu asiyejali kuutafuta ukweli, ambaye mazoea ya dhambi humpofusha kidogo kidogo.

Upofu wa Burundi nao ulikuwa na chanzo. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini, Watutsi wakauawa; kisha jeshi, lililokuwa mikononi mwa Watutsi, likawaua Wahutu, hasa waliosoma. Makadirio mengi ya waliokufa huanzia 100,000. Mmoja wao ni Padre Michel Kayoya, mshairi, aliyeuawa Mei mwaka huo. Watoto wengi wa pande zote mbili walikua wakisikia kwamba asiyeua kwanza atauawa, na mtu aliyelelewa hivyo huona kuua kuwa ni wajibu. Kulieleza hilo si kumtolea udhuru. Mikono yake ina damu, naye anadaiwa toba.

Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri mashahidi wake. Limewaweka pamoja Padre Kayoya, aliyeuawa na askari, vijana wa Buta, waliouawa na waasi, na wamisionari watatu kutoka Italia waliouawa Buyengero mwaka 1995. Askari wale na waasi wale walitoka pande zilizochukiana hadi kufa, kila upande ukijihesabia haki. Majina ya waliowaua yamo katika jalada moja.