Pindo la Tairi

Anayenunua tairi la baiskeli hutazama kwanza kashata zinazokanyaga barabara, kisha huminya ubavu kupima unene wa mpira, kisha huuliza bei. Ni nadra mkono wake kwenda mahali ambapo uhai wa tairi umefungwa, yaani ule mzingo wa ndani, mgumu, wenye waya, unaoshikana na rimu. Kiingereza kina neno moja fupi la sehemu hiyo. Sisi huitaja kwa kuzunguka: pale penye waya, ule ukingo wa ndani, panapokaa kwenye rimu. Naamini kuzunguka huku kunawagharimu watu fedha na safari, na hasa katika nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, ambako baiskeli hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, mkaa na madumu ya maji kabla haijafikiriwa kuwa chombo cha matembezi. Napendekeza sehemu hiyo iitwe pindo la tairi, na nitajaribu kuonyesha kwamba tairi la kudumu na lililo rahisi kubadilisha huchaguliwa kwa pindo lake kwanza.

Neno pindo halihitaji kutafutiwa mzizi mbali. Pindo la nguo ni ukingo uliokunjwa na kushonwa ili nguo isifumuke, na tairi limetengenezwa hivyo hivyo. Chini ya mpira mna kitambaa cha nyuzi, za pamba zamani na za nailoni siku hizi. Kitambaa hicho huletwa hadi ukingoni, huzungushwa waya wa chuma, kisha hukunjwa na kurudishwa juu kabla ya mpira kuokwa ukashikana. Waya umelala ndani ya pindo kama kamba ndani ya pindo la suruali, ila wenyewe haukazwi wala haulegezwi, kwa kuwa urefu wake umekwisha kuamuliwa kiwandani. Mtu akifuata kamusi neno kwa neno atapata ushanga, kwa sababu Kiingereza hutumia neno lile lile kwa shanga za shingoni na kwa sehemu hii ya tairi. Ushanga wa tairi haumwambii kitu fundi wa Kibondo wala mwanafunzi wa ufundi. Ukingo ni neno pana mno, maana rimu nayo ina kingo zake mbili. Waya ni neno zuri, na fundi akilitumia anaeleweka, lakini linataja kiini tu na kuacha kitambaa kilichokizunguka. Tena yapo matairi ambayo pindo lake halina waya hata kidogo, bali lina uzi mgumu wa kisasa unaoliwezesha tairi kukunjwa likaingia mfukoni. Pindo la waya na pindo la uzi ni maneno yanayokaa pamoja bila kugongana.

Historia ya sehemu hii inaeleza kwa nini ina uzito mkubwa kiasi hiki. John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, tairi lake lilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu, na kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mwaka 1890 Charles Kingston Welch alisajili wazo la kutia waya usionyumbuka kwenye kingo za tairi ili lishike rimu bila gundi. Mwaka uliofuata ndugu wawili wa Michelin walileta tairi lao la kuvuliwa na kurudishwa, na Charles Terront akalitumia kushinda mashindano ya Paris–Brest–Paris, safari ya kilomita zipatazo 1,200. Kilichobadilika katika miaka hiyo mitatu hakikuwa mpira wenyewe. Ni namna tairi linavyoshikana na rimu. Kila fundi anayeketi chini ya mti akavua tairi, akaziba pancha na kulirudisha kabla mteja hajamaliza kula, anafaidi uvumbuzi wa pindo.

Sasa tutazame tairi linavyokufa. Barabara ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi imekuwa ikiwekewa lami kipande kwa kipande, lakini mzigo haukuzwi barabarani. Unatoka mashambani, kwenye vijia vya udongo mwekundu ambao kiangazi huacha kokoto kali juu na masika hugeuka tope linalonata. Tairi hutobolewa na mwiba: kiraka na gundi humaliza neno. Ubavu hukatwa na jiwe: fundi hutia ndani kipande cha tairi kuukuu, au hushona mpasuko kwa sindano na uzi wa nailoni, na tairi huendelea kubeba. Kashata zikiisha likawa kipara, tairi hupelekwa gurudumu la mbele, ambako uzito ni mdogo. Ufundi huu wa mikono ni wa kuheshimiwa sana. Ndio unaowezesha chombo cha bei ndogo kufanya kazi ya lori dogo. Lakini pindo likikatika hakuna uzi utakaoliponya. Waya ukivunjika, mzingo hufunguka, tairi hupanda juu ya ukingo wa rimu, tyubu hutokeza kama uvimbe na kupasuka, na tairi hilo, hata kama kashata zake ni mpya, hufaa tu kukatwa mikanda ya kufungia mizigo. Kwa hiyo mahali ambapo karibu kila kitu hutengenezeka, kipimo cha kudumu ni ile sehemu moja isiyotengenezeka.

Mtu anaweza kupinga kwamba matairi mengi hufa kwa kulika na si kwa kukatika pindo, na hivyo unene wa mpira ndio wa kutazamwa. Kwa anayeendesha juu ya lami bila mzigo, nakubali. Kwa anayesukuma madumu manne ya mawese, kila moja la lita 20, jumla yake kama kilo 70 bila mwendeshaji, hesabu ni nyingine. Uzito huo hukandamiza gurudumu la nyuma, na tairi likipungua upepo, pindo husuguana na rimu kila mzunguko. Mpira unaolifunika huchanika, maji ya masika huingia, waya hupata kutu. Tena kulika kwa kashata kunaonekana kwa macho na humpa mwenyewe muda wa kutafuta fedha, ilhali kutu ya ndani ya pindo haimpi ilani mtu asiyejua pa kutazama. Anayejua atapitisha kidole ukingoni kila tairi linapovuliwa kwa ajili ya pancha, akitafuta mahali panapochoma, panapolegea, au palipopinda ghafla. Hata tairi jipya huweza kuwa na jeraha hilo, kwa sababu matairi ya pindo la waya husafirishwa yakiwa yamekunjwa mizunguko mitatu, na yakikunjwa kwa nguvu mno waya huvunjika umbo. Pinda moja la ghafla kwenye tairi la dukani ni sababu tosha ya kuomba lingine.

Hapo tunafika kwenye istilahi ya pili, ambayo bila pindo isingeelezeka. Rimu ina sehemu bapa ndani ya kingo zake ambako pindo huketi. Napendekeza iitwe kitako cha rimu, kutokana na kukaa kitako, na umbali kutoka upande mmoja hadi wa pili kupitia katikati ya gurudumu uitwe kipenyo cha kitako. Hiki ndicho kipimo kinachoamua kama tairi litaingia, na ndicho kilichoandikwa ubavuni mwa matairi mengi kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa ISO 5775: namba mbili zenye kistari katikati, mfano 40-635. Ya kwanza ni upana wa tairi likijazwa upepo, na ya pili ni kipenyo cha kitako, zote kwa milimita. Baiskeli kubwa za mizigo, Phoenix na ndugu zake wa Kihindi na Kichina, pamoja na Swala iliyokuwa ikitengenezwa Dar es Salaam, hujulikana madukani kwa jina moja tu: ishirini na nane. Jina hilo ni la inchi, tena linakadiria ukubwa wa nje wa tairi, na halisemi lolote la hakika kuhusu kitako. Tairi lililoandikwa 28 x 1½ lina kipenyo cha kitako cha milimita 635. Lililoandikwa 28 x 1.50 lina 622. Kwa hesabu ya darasani nusu na pointi hamsini ni kitu kimoja, lakini hapa zimetenganishwa na milimita 13 za kipenyo, karibu milimita 41 za mzingo. Namba 26 ina hila hiyo hiyo: 26 x 1⅜ hukaa juu ya 590, na 26 x 1.75 ya baiskeli za milimani hukaa juu ya 559.

Itasemwa kwamba fundi hahitaji milimita, kwa kuwa jicho lake linatosha. Lilitosha, na mahali pengine bado linatosha, pale ambapo karibu kila baiskeli ni ishirini na nane ya aina moja. Hali ya Kasulu na Kibondo haiko hivyo tena. Zipo baiskeli za mitumba, zipo za milimani, zipo nyembamba za mbio, na zipo zilizoletwa na miradi ya mashirika. Watu nao wamechanganyika. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na Warundi wameishi katika wilaya hizi kwa vipindi virefu. Mkongo huiita baiskeli kinga, Mrundi ikinga. Majina ya vipuri hutofautiana mdomo kwa mdomo, lakini 635 husomeka sawa kwa wote. Na anayemwagiza dereva wa basi amletee tairi kutoka Kigoma mjini hawezi kumtumia jicho la fundi. Anaweza kumwandikia namba kwenye simu.

Urahisi wa kubadilisha unategemea kipimo hicho hicho. Katikati ya rimu, kati ya vitako viwili, pana mtaro ambao naona uitwe bonde la rimu. Waya haunyumbuki, kwa hiyo nafasi ya kulivusha pindo juu ya ukingo haipatikani kwa kulivuta. Hupatikana kwa kulisukuma upande wa pili lishuke bondeni, ambako mzingo ni mfupi, na ule urefu unaobaki hujitokeza mbele ya mkono. Unaanza mkabala na vali, unakuja pande zote mbili, unamalizia kwenye vali baada ya kuisukuma ndani kidogo ili tyubu isibanwe. Tairi la kipenyo sahihi huingia hivyo kwa viganja. Likigoma kabisa, chanzo mara nyingi ni pindo lililopanda kitako kabla ya wakati, au utepe wa rimu mnene mno, mara nyingine vipande viwili vya tyubu kuukuu juu ya vichwa vya spoki, vilivyolijaza bonde. Kulilazimisha kwa bisibisi hutoboa tyubu mpya na kuumiza pindo kwa mpigo mmoja. Naona hapa ndipo istilahi inapomsaidia mwanafunzi zaidi kuliko kuangalia mikono ya mwalimu tu: akishajua kwamba kuna pindo, kitako na bonde, anaelewa kwa nini nguvu haisaidii.

Wapo wanaopenda baiskeli nyembamba za barabarani, na kadiri lami inavyosogea watazidi. Hizo nyingi ni 622. Tairi la 23-622 linadai upepo mwingi sana na halina mto wa kupokea jiwe. Likipungua upepo kidogo tu, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Kama uma na breki zina nafasi, ni afadhali 32-622 au 35-622: upana umeongezeka, kipenyo cha kitako ni kile kile, kwa hiyo rimu haibadilishwi. Pindo la uzi litavutia kwa wepesi wake. Kwa bei yake na kwa ugumu wa kulipata wilayani, mimi ningechukua la waya.

Lipo pingamizi moja lenye nguvu kuliko mengine, kwamba namba za ubavuni hufutika, na matairi mengine ya bei ya chini huzichapa kwa kufifia tangu mwanzo. Dawa yake iko kwa fundi cherehani. Utepe wake wa kupimia, ukilazwa kwa awamu mbili kuzunguka ndani ya pindo la tairi kuukuu, waya ulipo, utatoa mzingo, na kila kipenyo kina mzingo wake: karibu sentimita 199.5 kwa 635, 195.4 kwa 622, 185.4 kwa 590, na 175.6 kwa 559. Utepe husema vilevile jambo ambalo jicho halilioni. Zipo baiskeli za zamani za barabarani zenye 27 x 1¼, ambazo kitako chake ni 630, mzingo karibu sentimita 197.9. Tofauti yake na ishirini na nane ya Phoenix ni sentimita moja na nusu tu. Tairi la 635 likivikwa juu ya rimu hiyo huingia kwa ulaini wa kupendeza, hukubali upepo wa kwanza, kisha pindo huachia kitako mzigo unapopakiwa.