Jani la Mirungi: Kati ya Kalamu ya Ibn Hajar na Maabara

Miongoni mwa hoja zinazotolewa na watetezi wa mirungi, ambayo watu wa Yemen huiita qaat na ndugu zetu wa Kenya huiita miraa, ni kwamba Imamu Ibn Hajar al-Haytami hakuiharamisha. Hoja hii inahitaji kutazamwa kwa makini, kwani imebeba nusu ya maneno na kuacha nusu nyingine.

Imamu Ibn Hajar (Allah amrehemu), aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria (1567 Miladia), aliandikia suala hili risala maalumu, Tahdhiru th-Thiqaat. Alifikiwa na maswali kutoka Yemen, na pamoja nayo ushahidi uliogongana. Wapo walioapa kuwa jani hili linalevya na kudhuru. Wengine, nao wakiwa watu wa elimu na ibada, walisema linachangamsha tu na kuwasaidia kukesha. Imamu akaona kuwa tabia za miili hutofautiana, na kwamba ushahidi wa namna hii hautoshi kukata hukumu ya uharamu. Akasita kuharamisha, lakini akausia kujiepusha nalo. Hata jina la risala yake ni onyo.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kusita huku hakukuwa idhini. Maulamaa wa usuli wanatufundisha kwamba kukihukumia kitu ni tawi la kukifahamu, na ufahamu uliokosekana ulikuwa huu: ndani ya jani mna nini?

Jibu lilichukua zaidi ya karne tatu kuanza kupatikana. Mwaka 1887 wanakemia Flückiger na Gerock walitenga katika jani hili alkaloidi waliyoiita katini, na mwaka 1930 Wolfes akaubainisha muundo wake. Hata hivyo katini peke yake haikutosha kueleza nguvu wanayoihisi watafunaji. Ilipofika mwaka 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa ilichunguza majani mabichi na kutenga kiini chenye nguvu zaidi, katinoni, kinachofanana na amfetamini kwa muundo na kwa athari. Jani linaponyauka na kukauka, katinoni hugeuka kuwa katini na kiini kingine dhaifu. Kwa hiyo wachunguzi wa majani makavu walikuwa wakishika mabaki. Wafanyabiashara wanaofunga vitita kwa majani ya mgomba na kuvikimbiza sokoni walilijua jambo hili kwa uzoefu, bila ya maabara.

Je, maabara imetoa hukumu? La. Mkataba wa kimataifa wa 1971 juu ya dawa zinazoathiri akili unadhibiti katinoni na katini, lakini mmea wenyewe haumo. Tanzania imeupiga marufuku. Kenya inautambua kuwa zao la biashara. Maulamaa nao wametofautiana: mkutano uliofanyika Madina mwaka 1402 Hijria (1982) uliihesabu qaat kuwa ni katika vilivyoharamishwa, na wengi katika maulamaa wa Yemen hawakukubaliana na hilo. Katinoni huamsha na kuchangamsha, haifanyi kama pombe, kwa hiyo mjadala juu ya neno "kulevya" bado upo.

Lakini jambo moja limebadilika. Ibn Hajar alilazimika kupima kiapo cha mtu kwa kiapo cha mwenziwe. Sisi tunajua kilichomo: kiini kinachopandisha shinikizo la damu, kinachonyima usingizi na njaa, na kinachomfanya mtu akirudie. Juu ya hayo tunaona kwa macho yetu sala inayopita kikaoni na chakula cha watoto kilichogeuzwa vitita.

Basi anayetaka kumfuata Ibn Hajar na amfuate mpaka mwisho: achunguze kama alivyochunguza, kisha ajiepushe kama alivyousia. Na maimamu wetu wanapoulizwa, wasiishie kusema "Shekhe hakuharamisha", bali wamsomee muulizaji na wasia uliofuata.

Wallahu a'lam.