Deni Lililofukiwa: Mali Kauli na Ufufuaji wa Biashara Ndogo Baada ya Maafa

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki. Kwa upande wa makazi, yaliyofuata yanajulikana: tope lilizolewa, barabara ya Babati–Singida ikafunguka, na nyumba zaidi ya 100 zikajengwa Waret kwa waliopoteza zao. Duka ni habari nyingine. Nyumba iliyofukiwa inaonekana, inahesabika, hata rais anaweza kupigwa picha mlangoni pake. Duka lililofukiwa huacha nyuma kitu kisichoonekana, nacho ni deni.

Jibu la kawaida la watunga sera kwa mfanyabiashara aliyekumbwa na maafa ni mkopo wenye masharti nafuu. Msingi wake ni dhana kwamba amepoteza mtaji, hivyo akopeshwe mwingine. Makala hii inadai kwamba dhana hiyo inakosea kuhusu kilichopotea, na kwamba kosa hilo laweza kumchelewesha mtu ambaye angesimama mwenyewe.

Tumfikirie mwenye duka la rejareja. Tuseme rafu zake zina bidhaa za shilingi milioni 2. Sehemu kubwa si yake: kachukua mali kauli kwa mwenye duka la jumla, atalipa akishauza. Naye kawakopesha majirani unga, sukari na mafuta, majina yao yakiwa kwenye daftari chini ya meza. Tope likiingia, bidhaa zinaharibika lakini deni la mwenye duka la jumla linabaki zima. Daftari linaoza, na wadaiwa wenyewe wamepoteza mashamba au wamehamia kambini. Hajarudi sifuri, yuko chini ya sifuri. Ukimpa mkopo, hata usio na riba, unamwongezea mdai wa pili kabla hajamalizana na wa kwanza.

Kwamba janga huua kwa kuvunja uwezo wa watu kupata mahitaji yao, na si kwa kuharibu vitu tu, ni hoja tuliyoizoea tangu Amartya Sen alipochapisha utafiti wake kuhusu njaa mwaka 1981. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wanaotutuliza kwamba jamii zetu zina undugu wa kutosha kujiinua. Msomi wao mkuu ni Daniel Aldrich, aliyelinganisha Tokyo baada ya tetemeko la 1923, Kobe ya 1995, Tamil Nadu baada ya tsunami ya 2004 na New Orleans baada ya kimbunga Katrina, akahitimisha kwamba uhusiano wa kijamii hueleza kasi ya kupona kuliko ukubwa wa hasara. Huenda ni kweli kwa kitongoji cha Kobe chenye mabenki na bajeti ya serikali tajiri nyuma yake. Kwetu, undugu wa kibiashara umejengwa juu ya upatu na VICOBA, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na wanachama wake ni watu wa mtaa mmoja. Mvua iliyozamisha genge la mwenyekiti imezamisha na la mweka hazina, na sanduku lenye kufuli tatu limo humohumo ndani ya tope. Kikundi cha namna hiyo humsaidia mmoja aliyefiwa. Kufiwa kwa wote siku moja hakikuwezi.

Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Sri Lanka. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walifuatilia biashara ndogo katika wilaya za Kalutara, Galle na Matara kwenye pwani ya kusini na kusini-magharibi. Hazikuwa kampuni. Mtaji wa kila moja, ukiacha ardhi na majengo, haukuzidi rupia 100,000, takriban dola 1,000 za wakati huo. Kwa lugha yetu, vioski, magenge na mafundi. Kwa bahati nasibu, baadhi walipewa ruzuku ya rupia 10,000 au 20,000, nyingine kwa fedha taslimu na nyingine kwa vifaa au bidhaa. Bahati nasibu ndiyo uzito wa utafiti huu: haiwezekani kusema waliopona walikuwa hodari zaidi tangu mwanzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yanaonyesha kwamba biashara zilizoharibiwa na kupata ruzuku zilirudisha faida zao za awali karibu miaka 2 kabla ya zile zilizoharibiwa bila kupata kitu. Miaka 2 kwa dola 100 au 200.

Hata hivyo, matokeo hayakuwa sawa kwa wote. Fedha ziliwasaidia hasa wauzaji wa rejareja. Waliotengeneza vitu hawakunufaika kiasi hicho, kwa sababu minyororo yao ya ugavi ilikuwa imekatika, na fedha mkononi hainunui malighafi isiyopatikana.

Hapa naachana na waandishi hao, au niseme nawasukuma mbele kuliko walivyokubali kwenda. Tofauti yao kati ya mtaji na ugavi inafaa pale ambapo muuzaji hununua kwa fedha yake. Penye mali kauli, ugavi na mtaji ni kitu kimoja: mwenye jumla ndiye mleta bidhaa na ndiye benki. Asipolipwa anafunga mkono, na mkono huo ukifungwa muuzaji hapati bidhaa wala muda wa kulipa. Ikiwa ni hivyo, ruzuku iliyotumika kulipa deni la mwenye jumla inafanya kazi mara mbili, kwa kuwa shilingi ileile inamwondolea mtu deni na kumfungulia tena mlango wa kukopeshwa bidhaa. Utafiti wa Sri Lanka haukupima jambo hili. Lakini nadhani athari kwetu ingekuwa kubwa kuliko waliyoiona wao.

Tulinganishe na chombo tulicho nacho. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Janga la Hanang lilipotokea mikopo hiyo ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili 2023, lakini tuache bahati mbaya hiyo. Hata ingekuwepo, hutolewa hasa kwa vikundi, na mwanamume aliyevuka umri wa ujana, asiye na ulemavu, hamo. Tena chanzo chake ni mapato ya ndani, yakiwemo ya ushuru wa masoko. Soko likifukiwa, mfuko unapungua mwezi uleule unaohitajika. Anayebaki nje hukimbilia wakopeshaji wa kausha damu, ambao kwa kuwahi hawana mpinzani.

Wapo watakaosema ruzuku itawafunga watu kwenye maeneo hatarishi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam, waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, takriban kilomita 30 kutoka Kariakoo. Wengi walirudi bondeni, na hakuna ruzuku ya biashara iliyowarudisha. Waliwafuata wateja, na waliowadai.

Pingamizi zito zaidi ni la utambuzi: nani alikuwa na duka kweli, na lenye nini? Vitambulisho vya wajasiriamali vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 vingeweza kuwa orodha, ila vilibuniwa kwa ajili ya makusanyo, na orodha ya namna hiyo haisemi chochote kuhusu bidhaa zilizokuwa rafuni. Orodha bora ipo kwingine. Daftari la mwenye rejareja limeoza Katesh, lakini nakala ya upande wa pili iko kavu kwenye kaunta ya jumla, Babati, Singida au Arusha, ikiwa na jina, tarehe na kiasi. Timu ya tathmini ingeanza kwa swali moja, "Ulichukua mali kwa nani?", kisha ikampigia simu huyo nani. Atashawishika kuongeza tarakimu, bila shaka. Basi alipwe sehemu tu ya deni, kwa sharti kwamba afungue tena mali kauli kwa mdaiwa yuleyule. Akiwa ametaja deni la uongo, atakuwa amejifunga kumkopesha mtu asiye na duka.