Amri za Unix na tarehe ya kuzaliwa kwa .ke

Tangu nimalize shahada ya sayansi ya kompyuta, vijana wa Migori na Homa Bay huniuliza swali moja: kwa nini nijifunze kuandika amri za Unix wakati siku hizi ni kubofya tu? Leo nawajibu kwa historia, na historia yenyewe inapita karibu na nyumbani.

Unix ilianza 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Waliandika kwa mashine ya Teletype, iliyochapa kwenye karatasi herufi 10 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kila herufi ina gharama. Ndiyo maana amri zake ni fupi:

ls – orodhesha mafaili
cp – nakili
mv – hamisha
rm – futa (angalia, haina pipa la taka!)
cat – onyesha yaliyomo

Zote 5 zimo katika mwongozo wa kwanza wa Unix wa 1971, na zote zinafanya kazi leo kwenye Linux. Mwaka 1973 zikaongezwa nyenzo 2: grep, inayochuja mistari yenye neno unalotafuta, na alama ya |, wazo la Doug McIlroy, inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye amri nyingine kama maji kwenye mfereji.

Sasa tuje Kenya. Intaneti kamili ilifika 1995 kupitia kituo cha ARCC, Nairobi, kilichoanzishwa na Dkt. Shem Ochuodho. Ndiye huyo huyo aliyechaguliwa mbunge wa Rangwe, Homa Bay, mwaka 1997. Lakini jina la .ke ni kongwe kuliko muunganisho huo. Ochuodho alikuwa msimamizi wake, na Randy Bush wa Marekani akashughulikia upande wa kiufundi, hadi baadaye kazi ilipokabidhiwa KENIC.

Nchi isiyo na intaneti kamili iliwezaje kuwa na jina? Kwa sababu orodha ya majina hayo ni faili la maandishi tu, na seva iliyo nchi nyingine inaweza kulihifadhi.

Usiniamini mimi, hakikisha mwenyewe. Kwenye Linux, sakinisha whois kama haimo, kisha andika:

whois -h whois.iana.org ke | grep created

whois inasoma daftari la IANA, wanaotunza majina ya juu ya intaneti. Maelezo ni marefu, lakini grep inakubakizia mstari mmoja wenye tarehe: 1993-04-29.

Basi jibu langu ni hili: maandishi ni mepesi. Kijana wa Muhuru Bay au Mbita mwenye kompyuta kuukuu na mtandao unaosuasua anaweza kuingia kwa ssh kwenye seva iliyo Nairobi au Ulaya, akaisimamia na kulipwa, bila kuhama kwao. Wenzetu walianza na njia nyembamba kuliko yako.

Anza na ls leo. Kesho ongeza grep. Ukikwama, andika man kisha jina la amri, usome maelezo yake.