Torati, sheria na neno moja la Kigiriki

Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Mhariri wake alikuwa Carl Velten, lakini maelezo mengi yalitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, karibu na Bagamoyo, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Kitabu kinaeleza uzazi, ndoa, utumwa na maziko. Mgiriki wa kale angeyaita mengi ya hayo nomos, neno lililobeba desturi na sheria kwa pamoja.

Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kutafsiri Maandiko kwa Kigiriki, karne ya 3 kabla ya Kristo, Torah ya Musa waliiita nomos. Kwa Kiebrania Torah ni mafundisho, hata kabla ya kuwa amri. Tangu hapo nomos likawa amri za Musa, likawa vitabu vyake vitano, na pengine likawa Maandiko yote.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuta mji wa Kiislamu wenye maneno yake tayari kwa yale yaliyobebwa na nomos. Torati, iliyotoka Kiarabu, kilikuwa kitabu alichoteremshiwa Musa. Sheria ilikuwa elimu ya kadhi na masheikh, njia ya Mungu inayogusa sala, mirathi na talaka. Padri wa Roho Mtakatifu aliyekuja baadaye, Charles Sacleux, alikusanya maneno ya pwani kwa miaka mingi. Kamusi yake kubwa ilianza kutoka mwaka 1939.

Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, iligawa nomos katika maneno hayo mawili. Fungua Warumi 3: aya ya 19 ina torati, ya 20 ina sheria, ilhali Paulo ametumia nomos kote. Naona watafsiri walikuwa na sababu nzuri, kwani aya ya 19 inarejea maneno ya Zaburi na Isaya yaliyonukuliwa hapo juu. Lakini hoja ya mtume inakatika sikioni mwa msikilizaji, hasa leo, ambapo sheria inatukumbusha bunge, polisi na mahakama kuliko mafundisho ya Mungu.

Anayetaka kuona upana wa nomos asome Yohana 10:34. Yesu anawaambia Wayahudi kwamba jambo limeandikwa katika torati yao, na maneno anayoyataja yamo katika Zaburi ya 82.