Sindano za Burano

Mgeni anayefika Burano kwa boti kutoka Venice hulakiwa na rangi: nyumba nyekundu, za manjano na za samawati, zimebanana kandokando ya mifereji. Wanaume wa kisiwa hiki walivua samaki. Wanawake walishona lesi kwa sindano na uzi mtupu, bila kitambaa cha kuushikiza.

Sifa za lesi hiyo zilivuka mipaka. Mwaka 1665 Colbert, waziri wa Mfalme Louis XIV, alianzisha viwanda vya lesi Ufaransa, akawavutia huko mafundi wa Venice. Jamhuri ya Venice ilipoanguka mwaka 1797, ufundi ulififia.

Mwaka 1872, baridi kali ilipowanyima wavuvi riziki, akatafutwa bibi kizee Cencia Scarpariola, aliyekuwa bado anakumbuka mishono ya kale, ili ufundi huo ufufuliwe na kuwapa watu kipato.

Shule ya lesi ikafunguliwa, ikadumu hadi 1970. Jengo lake sasa ni makumbusho ya lesi.